Bastola Iliyoacha Kupiga Mluzi

"Upepo ulionyamaza haujaisha." Mmeyasikia maneno haya kwa shangazi yenu, nanyi mnauliza nani aliyeyasema kwanza. Asili yake ni hii.

Katika kijiji kimoja cha milima ya Usambara aliishi fundi baiskeli aitwaye Shemboza. Siku moja mkulima wa mahindi alimletea bastola ya upepo ya kufukuzia ngedere. Ilijazwa kwa mkono wa pampu, lakini upepo ulivuja, na kirisasi kilidondoka miguuni mwa mpigaji kama punje ya mtama.

Shemboza hakuwahi kutengeneza silaha. Hata hivyo alijiambia kwamba upepo ni upepo, uwe ndani ya tairi au ndani ya chuma. Akaijaza, akapaka sabuni kwenye maungio, mapovu yakafura pale penye pistoni. Alipoifungua, alikuta pete ya ngozi imekauka na kusinyaa. Akaitia mafuta, akairudisha, akaweka kirisasi, akajaza tena. Bado ilipiga mluzi: sss. Basi akakata pete mpya, akaitumbukiza kwenye kopo la mafuta ilainike, akaiacha bastola mezani na kwenda kusali adhuhuri.

Aliporudi aliitegea sikio. Kimya. Kwa fundi baiskeli, mpira uliotoboka ukinyamaza, upepo umekwisha. Akamwambia mkewe, Hatika, "Mama Nuru, nifutie vumbi hiyo. Haina kitu."

"Loo! Fundi wa pancha leo amekuwa fundi wa vita!" Hatika alicheka, akaketi kwenye kigoda na kitambaa chake.

Shemboza akaitoa ile pete mpya kwenye kopo. Ilikuwa imenenepa, imekunywa mafuta ikafura. Akaigeuza vidoleni, akifikiri namna ya kuipunguza, mara mkono ukasimama. Na ile pete ya zamani iliyomo ndani ya bastola aliitia mafuta yale yale. Kama nayo imefura, imeziba. Na kama imeziba, upepo uliobaki haukwenda popote.

Akainua macho.

Hatika alikuwa ameuelekeza mdomo wa bastola jichoni, akichungulia kama tundu limetakata. Kidole gumba chake kilikuwa kimelala juu ya triga.

Shemboza alifungua kinywa kupiga kelele, akakifunga. Akigutuka, atabana.

"Mama Nuru," alisema taratibu, "usitikisike. Una nyuki kwenye ukosi wa gauni."

Hatika alikuwa amewahi kuumwa na nyuki mpaka uso ukavimba, macho yakafumba. Akawa jiwe.

"Yuko wapi? Mtoe, Baba Nuru!"

"Nakuja. Tulia hivyo hivyo."

Alitembea kama mtu anayevuka ubao uliooza. Aliona kile kidole gumba kikianza kutetemeka. Akapitisha mkono juu ya bega la mkewe, akaushika mdomo wa bastola, akausogeza kando kidogo, kisha kidogo tena. Mdomo ulipopita tu sikio la Hatika, bastola ikalia: paa!

Ndoo ya plastiki iliyokuwa kando ya ukuta ikatoboka, maji yakaruka.

Hatika aliitazama ndoo. Kisha akajipapasa jicho.

"Si ulisema haina kitu?"

"Iliacha kulia," Shemboza alijibu, akaketi palepale chini, "nami nikadhani imekwisha."

"Na nyuki?"

"Hakuna nyuki."

Hatika hakucheka. Tangu siku ile, kila mvua kubwa iliponyesha kisha mto ukaacha kunguruma, na watu wakakunja nguo wavuke, yeye alisimama ukingoni, akafunika jicho lake kwa kiganja, akawaambia yale maneno ya upepo ulionyamaza. Waliomjua waliahirisha safari. Kwanza walichovya fimbo, wakapima kina.

Ndiyo maana nanyi, jambo la hatari likiacha kelele, msilisogezee uso kabla hamjalipima. Upepo ulionyamaza haujaisha.