Mikono ya Holo

"Lililopita mkononi halitoki kichwani." Methali hii ilianza hivi, wajukuu zangu, maana mmeisikia leo kwa mwalimu wenu mkaja mbio kuniuliza ilikotoka.

Palikuwa na binti akiitwa Holo, wa darasa la nne. Kaka yake, Mabula, alikuwa darasa la saba, hodari wa kukariri. Ukimwuliza habari za moto, angekujibu bila kupepesa: "Moto hauwaki bila hewa." Holo hakujaliwa hivyo. Maneno ya ubaoni yalimponyoka, akawa anarudi nyumbani kichwa chini.

Siku moja mwalimu mgeni, Nkwabi, aliingia darasani na vipande vya mishumaa na glasi. Hakuandika kitu. Kila mtoto aliwasha mshumaa wake akaufunika kwa glasi. Holo aliutazama mwali ukinywea, ukazimika. Akawasha tena, akafunika tena, hata kengele ya mapumziko hakuisikia.

Mama yake alipopata habari alinuna. "Nimekupeleka shule usome, wewe unacheza na mishumaa!"

Haukupita muda mrefu, asubuhi moja mama alikuwa akikaanga maandazi, akageuka kumjibu mteja. Kufumba na kufumbua, mafuta yakashika moto karaini, ndimi zikainuka kuelekea nyasi za paa. Mama akapiga yowe. Mabula akanyakua ndoo ya maji.

"Usimwage, kaka!" Holo alipaza sauti. "Tuufunike!"

"Utaungua, mwanangu!" mama alilia.

Lakini Holo alikwisha kushika mfuniko mpana wa bati. Mikono yake ilijua la kufanya. Akausukumia mfuniko juu ya karai kutoka ubavuni, akaruka nyuma. Moto ukafurukuta kidogo pembeni, ukafa.

Mabula aliitua ndoo. "Mimi nilijua kwamba moto unataka hewa," alisema polepole. "Hata kwenye mtihani niliandika. Mbona sikukumbuka?"

Mama aliishika mikono ya Holo, akaigeuza huku na huku akitafuta palipoungua. Hapakuwapo. Ndipo machozi yakamtoka.

"Wewe ulisoma kwa mdomo, baba," alimwambia Mabula kwa upole. "Mwenzio alisoma kwa hii."

Kesho yake alikwenda shuleni na kapu la maandazi, akamwomba mwalimu Nkwabi awafundishe na wa darasa la saba vivyo hivyo. Majirani walipomwuliza kulikoni, naye aliyekuwa akigomba juzi tu, aliwajibu akicheka: "Jamani, lililopita mkononi halitoki kichwani."