Kabati la Maneno ya Mkinduni

“Neno hulala kabatini, huamka kinywani.” Mmeisikia asubuhi kwa mwalimu wenu, mkanijia mbio kuniuliza imetoka wapi. Haya, wajukuu zangu, kaeni vizuri, na hizo simu zipumzike kidogo. Methali hii ilianzia mjini, kwenye chumba chenye kabati la chuma lililojaa kadi.

Kila kadi ilibeba neno moja la watu wa kijiji cha Mkinduni. Maneno hayo yaliandikwa miaka arobaini nyuma na watafiti ambao wengi wao wameshatangulia mbele ya haki. Siku moja Dokta Makungu, mkuu wa watunga kamusi, alimkabidhi mtafiti wake Shemsa kadi mia mbili na kumi.

“Nenda ukawaulize wenyewe,” alimwambia. “Neno lenye msemaji liandikie hai. Lisilo na msemaji liandikie limekufa. Kamusi mpya haina nafasi ya wafu.” Akampa siku saba.

Asilolijua Dokta ni kwamba mama yake Shemsa alizaliwa Mkinduni. Alifariki Shemsa akiwa na miaka sita, na baba akamlea mtoto mjini, kwa Kiswahili cha mjini. Katika mazungumzo ya mama, Shemsa alibakiwa na sauti tu, bila hata neno moja. Sauti hiyo ilimjia baina ya usingizi na kuamka, kama redio inayosikika kutoka nyumba ya jirani, na kila alipotega sikio ilizimika. Sasa alizikumbatia zile kadi akaogopa. Maneno haya yakifa, alijiambia, mama atakuwa amekufa mara ya pili.

Mkinduni walimpokea vizuri. Walimtolea kiti, wakamletea maji ya ndimu, na wanawake wakaja mmoja mmoja kuulizwa. Kila mmoja alilisikiliza neno, akatabasamu kwa adabu, akajibu kwa Kiswahili kilichonyooka kama cha taarifa ya habari: “Hapana, mwanangu, hilo hatulitumii.” Hata vikongwe walijibu hivyo hivyo. Shemsa akaandika limekufa, limekufa, na kila jioni akamtumia Dokta idadi kwa simu. Kufikia siku ya sita alikuwa ameyazika maneno mia moja na tisini, na moyo umemwisha.

Alasiri ya siku hiyo aliziweka kadi mkobani akaenda kukaa tu barazani kwa Bi Kazija, wanawake walipokusanyika kusuka ukili, ile mikanda inayoshonwa kuwa mikeka. Joto lilikuwa limetulia. Miyaa, yale majani makavu ya kusukia, ilichakarisha taratibu, na vidole vilikwenda vyenyewe bila macho kuviangalia. Kope za Shemsa zikawa nzito. Akaona kama ule ukili unarefuka, unateremka barazani, unafuata njia hadi mjini, na mikono inayousuka ni ya mama.

Sasa kule kuna desturi: baraza la ukili halikaliwi na mtu mikono mitupu, hata awe bibi harusi. Siku zote tano walimsamehe Shemsa kwa kuwa alishika kalamu. Leo kalamu imo mkobani. Bi Kazija akamtupia pajani ukili ulioanzwa.

Shemsa akasuka, na alisuka vibaya, Mungu amsamehe! Mwaa mmoja ulipomwishia vidoleni, akabaki kuutazama.

“Pachiza!” akafoka Bi Kazija. “We mwana, pachiza, ukili unafumuka huo!”

Shemsa akaganda. Hiyo ilikuwa kadi ya mia na nne: pachiza, kuunga mwaa mpya pale wa zamani unapokwisha. Jumanne alimuuliza Bi Kazija huyu huyu, akajibiwa halitumiki. Na ile sauti! Ilivutwa mwanzoni ikaachiwa mwishoni, kama alivyokuwa akiita mama. Machozi yakamdondokea kwenye ukili.

Hajayafuta bado, Sabiha, mjukuu wa Bi Kazija, akamwinulia simu msichana mwenzake aliyekaa kando. “Shoga, nipachizie, bando langu limekwisha.” Mwenzake akamgawia mtandao, wakaendelea na yao. Hakuna aliyeshangaa.

“Bibi,” Shemsa aliuliza, “mbona Jumanne uliniambia neno hili hamlitumii?”

“Jumanne ulikuja na karatasi, mwanangu. Mwenye karatasi tunampa maneno ya kutokea. Haya ni ya ndani, kama kanga ya kulalia. Utamtokea nayo mgeni?”

“Lakini yako mjini, bibi. Tumeyafungia kabatini miaka arobaini.”

Bi Kazija alicheka hata akauweka ukili chini. “Kabatini! Basi huko yamelala tu, maskini. Neno hulala kabatini, huamka kinywani.”

Tangu hapo Shemsa hakumuuliza mtu neno. Alisuka, akakaripiwa, akataniwa, na kwenye kadi nyingi akafuta alichoandika. Zile ambazo maneno yake hakuyasikia, akaziacha zilivyo. Kwenye ile ya mia na nne aliongeza na maana ya kina Sabiha.

Mjini, mbele ya kikao cha watunga kamusi, Dokta Makungu alikunja uso. “Juzi yote yalikuwa maiti, leo yamefufuka? Ushahidi uko wapi? Umerekodi?”

Shemsa hakuwa amerekodi chochote. Alisimama. “Dokta, sina sauti ya kukusikilizisha. Naomba tu nipachize maelezo mawili matatu kwenye ripoti...”

Hakuwa amekusudia kulisema neno hilo; lilitoka lenyewe. Chumbani mlikuwa na watu wanane kutoka mikoa mbalimbali, na hakuna aliyeuliza maana yake. Katibu alikuwa ameshaliandika kwenye kumbukumbu za kikao. Dokta Makungu aliitazama kalamu ya katibu. Kisha akaivuta kadi ya mia na nne, akaandika kwa mkono wake mwenyewe: hai.

Shemsa alikaa. Alikuwa amemsikia mama yake, na safari hii sauti haikuzimika, kwa maana ilitoka kinywani mwake.

Ndivyo ilivyokuwa, wajukuu zangu. Neno hulala kabatini, huamka kinywani.