Chui Aliyejiita Ardent

Sogeeni, wanangu, niwaeleze ya enzi zile wanyama walipokuwa wakiposa kwa barua.

Pimbi mmoja, Mama Sikitu, aliishi na bintiye Mashavu ndani ya ufa wa mwamba. Kwa siku mbili walikuwa hawajatoka kutafuta majani, kwa kuwa Chui alilala mlangoni. Siku ya tatu Chui akamleta Nyati awe mshenga wake. Nyati akasoma barua kwa sauti nzito:

"Mimi Chui ni mpenzi ardent wa Mashavu. Naomba atoke nimchukue kwa heshima."

Mashavu alimgeukia mama yake. "Mama, akinichukua atanila."

"Najua. Na tukikataa tutakufa njaa humu humu. Ngoja nifikiri."

Mama Sikitu aliwahi kuishi kwenye dari ya shule, akasikia mengi. Akachungulia nje.

"Bwana Chui, hilo neno la Kiingereza unajua maana yake?"

"Ni mwenye mapenzi makali," alijibu Chui.

"Hasa. Wenyewe husema mpenzi ardent, hata shabiki ardent wa timu. Na asili yake? Limetoka Kilatini, kwenye neno la kuwaka moto. Ajiitaye hivyo anasema moyo wake unaungua."

"Ndivyo ninavyoungua."

"Basi hapa kwetu posa hupimwa. Anayeungua ndani hasikii joto la nje. Kalia jiwe hilo bapa. Ukitulia mpaka nihesabu ishirini, Mashavu atatoka."

"Ni haki," alisema Nyati. "Kaa, mwenzangu."

Chui akakaa. Hakujua kwamba jiwe lile ndilo paa la jiko la pimbi.

"Chochea," Mama Sikitu alinong'ona.

Mashavu akasukuma kuni, akapuliza: fuu, fuu. Kuni zilikuwa mbichi, zikatoa moshi tu. Mama akahesabu polepole. Nane. Tisa. Chui alikuwa akitabasamu. Kumi na tatu, na jiwe bado baridi. Kumi na nne, moto ukashika, vuu!

Kumi na saba, Chui akajisogeza. Kumi na nane, manyoya yakaanza kunuka.

"Bado unaungua kwa mapenzi, bwana?"

"Mapenzi gani!" Chui aliruka. "Mimi nina njaa, nataka nyama!"

Nyati akainamisha pembe taratibu. "Kumbe umenifanya mshenga wa uongo."

Akamfukuza mpaka ng'ambo ya bonde. Mama na binti wakatoka kula majani.

Niliyoyasikia ndiyo hayo, nanyi mjue: neno zuri likitumiwa kwa hila humuumbua aliyelitumia.