Soli za Viatu vya Chiriku

Ofisi ya daktari bingwa wa vinasaba ilikuwa ghorofa ya tatu ya hospitali, mkabala na chumba cha kutolea damu. Kabati zake zilifurika mafaili ya watoto wenye maradhi adimu ya kurithi. Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi wa kucheka, na utafiti kwake ulikuwa chakula na maji. Watoto ishirini na sita alikuwa amekwisha kuyabaini maradhi yao. Mmoja tu ndiye aliyemtoa kijasho.

Huyo alikuwa msichana wa miaka saba, aliyebandikwa jina la Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Miguu yake, hata hivyo, haikuwa na wepesi wa ulimi wake. Ilikakamaa kama mbao, nyayo zikapinda kwa ndani, naye akatembea kwa ncha za vidole huku ameshika ukuta. Kwa miaka mitatu daktari alivichambua vinasaba vyake kama achambuaye mchele, punje baada ya punje. Alipata hitilafu ndogo kumi na moja, lakini hakujua ipi ni mchawi na ipi ni jirani mwema. Mwishowe madaktari wa mifupa walichoka kungoja, wakapanga kumpasua miguu Jumatatu ili wazirefushe kano zake.

Alhamisi saa tisa alasiri, siku ya kliniki, Chiriku aliletwa na mjomba wake. Mama yake, mwoka mikate, alikuwa amezuiliwa kazini. Mjomba alikuwa fundi viatu, vidole vyeusi kwa rangi, maneno yake hayana breki.

"Shikamoo, Daktari. Leo nimekuja na mjomba. Anakoroma," Chiriku alisema.

"Marahaba. Na wewe hukoromi?"

"Mimi huongea usingizini."

"Hilo naliamini!"

Daktari alicheka, kisha akamweleza mjomba habari za upasuaji. Mjomba akajikuna kidevu.

"Samahani, Daktari. Mimi sikusoma, viatu ndivyo vitabu vyangu. Mtapasua mguu wa asubuhi au wa jioni?"

"Mguu wa asubuhi ndio upi tena?" daktari aliuliza, akidhani anataniwa.

Mjomba alifungua mfuko. Alikuwa amekuja na viatu vya mpwa wake ili amalizie kuvishona akiwa kwenye foleni.

"Hivi vya shule huvivaa asubuhi. Tazama, kisigino ndicho kilicholika, kama cha mtu yeyote. Makubazi haya huyavaa akisharudi. Ona ncha ilivyosagika, na ukingo wa nje umekwisha. Nisingemjua mwenyewe, ningeapa ni vya watoto wawili."

"Kwani asubuhi hutembeaje?"

"Kutembea? Hunitoa mbio! Ikifika saa sita ndipo miguu inaanza kugoma."

"Mbona mama yake hakuwahi kuniambia?"

"Angekwambia nini, Daktari? Siku zote hutoka nyumbani kabla ya alfajiri. Akirudi, mtoto ameshakakamaa. Nami ninayempeleka shule nilidhani mnajua."

Uso wa daktari ulimwaka kwa aibu. Miaka mitatu alikuwa akimwona mtoto huyu alasiri tu, wala hakuuliza hata siku moja habari za asubuhi! Aliivuta kompyuta, macho yakatua kwenye hitilafu ya saba. Ilikuwa kwenye kinasaba kinachousaidia ubongo kutengeneza kemikali ya kuongoza misuli. Mtoto wa namna hiyo huamka na akiba kidogo. Ikiisha, miguu hukwama.

"Kesho njooni saa moja kamili asubuhi," alisema.

Kesho yake Chiriku alikatiza ukumbi mbio, nyayo zikikanyaga sakafu sawasawa, hata muuguzi akaruka pembeni na trei yake. Daktari aliwapigia simu wenzake wa mifupa wasitishe upasuaji. Kisha akampa mtoto nusu kidonge cha dawa ya kuijaza ile akiba.

Wiki mbili baadaye, saa tisa alasiri, mama aliingia ukumbini, unga ungali kwenye nyusi. Chiriku alichomoka kama mshale kumlaki. Nyumbani alikuwa ameona miguu ikilegea siku hadi siku, lakini mbio hizo hakuwahi kuziona. Alipiga magoti akilia na kucheka kwa pamoja.

"Polepole, mwanangu, utaanguka!"

"Nimeshaanguka mara mbili, mama! Nilikuwa nakimbia!"

Daktari alimshika mkono mjomba, aliyekuwa amemleta Chiriku. "Fundi, shahada zangu zimejaa ukutani, lakini wewe ndiwe uliyenisomesha."

"Basi nikuongezee somo, Daktari. Kiatu chako cha kulia kinalika upande mmoja. Kivue nikushonee."

Daktari akakivua pale pale, akasimama kwa mguu mmoja mbele ya wagonjwa wake, akicheka bila haya. Ama kweli, akili ni nywele, kila mtu ana zake.