Rasi Ina Neno

Mkondo una njia, rasi ina neno.

Mnacheka? Mnauliza rasi ina mdomo gani hata iseme? Haya, tulieni. Kicheko kama hicho ndicho kilichokuwapo siku msemo huu ulipozaliwa.

Kijiji cha Mtondooni wanawake hulima mwani. Kila mmoja hufunga kitambaa cha kanga yake mwisho wa kamba anayofungia mwani, ili mali isichanganyike na ya mwenzake. Cha Mize Shaame kilikuwa cha zambarau. Kamba zake zikikatika, zilichukuliwa kaskazini na mkondo, zikaipita rasi. Lakini Mize hakuzifuata mbali. Aliziokota papo hapo nyuma ya rasi, kwenye mawe, pahali wanaume hawapeleki chombo. Hakumwambia mtu. Nani angemuuliza habari za kamba mbovu?

Asubuhi moja binti yake, Riziki, alikuwa akipakia mwani mtumbwini, pondo, ule mti wa kuuzuia na kuusukuma mtumbwi, likamponyoka. Mkondo ukamchukua yeye na mtumbwi, akapotea nyuma ya rasi, watu wanamwona.

Kombo, shemeji yake Mize na nahodha asiyebishiwa, akapandisha tanga upesi.

"Shemeji," Mize akamshika mkono, "anzeni nyuma ya rasi. Maji hapo hugeuka, yakarudi pwani. Kamba zangu zote naziokota hapo."

"Yarudi wapi? Toka babu zetu mkondo huu waenda kaskazini tu! Mwana yuko baharini, wewe waniletea habari za kamba?"

Waliokuwa chomboni wakacheka, kicheko cha watu wenye hofu. Wakaenda zao kaskazini.

Mize aliona uchungu, na aliona shaka pia. Huenda Kombo ana haki. Mwana si kamba. Hata hivyo akashika njia ya rasi kwa miguu, mawe yakimkata nyayo, akafika jua limeshapanda. Chini yake povu na vipande vya mwani vilizunguka polepole, kama uji unaokorogwa. Mtumbwi hakuuona. Alikaa, akangoja, mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Ewe Mola," alilia, "mwanangu anapotea, nami nimekaa hapa kwa ubishi wangu!"

Ndipo mtumbwi ukatokea, na ulitoka kaskazini, ukija pwani. Mize akaziunga kamba kuukuu zilizonasa maweni, akafunga jiwe, akarusha. Mara ya kwanza, patupu. Ya pili, patupu. Ya tatu Riziki akaidaka, akavutwa hadi kwenye mawe.

"Mama," alisema, sauti imemkauka, "nimepita hapa mara mbili. Napiga kelele, hapana mtu."

Alasiri Kombo alirudi mikono mitupu, hajui amwambie nini mama mtu. Akamkuta Riziki anakunywa uji. Akavua kofia, akaketi mchangani, akalia waziwazi.

"Shemeji, mkondo huu naujua tangu utoto."

"Waujua, wala hukukosea," Mize akamjibu, akimmiminia naye uji. "Mkondo una njia. Lakini na rasi ina neno, wala hukuliuliza."

Tangu hapo chombo cha Mtondooni kikitafuta mtu, huanza nyuma ya rasi, na wanawake wa mwani huulizwa kwanza.

Mara mbili, wanangu, mtoto alipita na hapakuwa na mtu. Haya, semeni tena, bila kucheka: mkondo una njia, rasi ina neno.