Minazi ya Mize

Paliondokea tajiri huko Pemba, akafa bila mtoto. Wasia wake ulisema shamba na nyumba iliyomo apewe mpwawe Shaame, na minazi yote ya shamba hilo apewe Mize, dada yake Shaame.

Shaame alichekelea. "Minazi yako, lakini ardhi yangu. Ukitia mguu tu, nakushtaki!"

"Sawa, kaka," alisema Mize. "Basi tuandikiane mbele ya sheha. Mimi nisikanyage ardhi yako, nawe usibaki na chochote kilichotoka kwenye minazi yangu."

"Hata kumbi silitaki!" Shaame akatia sahihi mbiombio.

Siku ya tatu mawingu ya masika yalitanda. Mize alisimama mpakani na sheha, akaita, "Kaka! Nimefuata makuti yangu. Siingii, nitayapokea hapahapa."

"Makuti gani?" aliuliza Shaame, akitoka nje.

"Hayo yaliyoezekewa nyumba yako. Yote yalikatwa kwenye minazi hii."

Shaame alimtazama sheha.

"Ndivyo mlivyoandikiana," alisema sheha.

Tone la kwanza lilimdondokea Shaame puani.

"Mize, mdogo wangu," alisema, "mbona umesimama huko kama mgeni? Pita shambani, pita, usije ukalowa!"