Mtoto wa Tangawizi wa Bi Mize

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Unga na tangawizi.

Na walaji?

Wamejaa mlangoni.

Haya, sogeeni motoni, na mwenye kukohoa akohoe sasa. Hadithi hii haina kicheko kingi, nawaambia mapema.

Hapo zamani za kale palikuwa na mji, na mji ule ulikuwa na desturi yake. Mtu akipika kitu kikanukia, yeyote aliyefikiwa na harufu ana fungu lake. Husimama mlangoni akasema, "Harufu imenifikia," na mwenye chungu hutoa. Asiyetoa husemwa, na watu wa mji ule waliogopa kusemwa kuliko kufa.

Basi alikuwako mwanamke, jina lake Bi Mize. Alikuwa amefiwa na bintiye wa pekee, Mwanakheri, siku tatu kabla ya sikukuu. Mwanakheri alipenda sana vileja vya tangawizi, na vya mwaka ule hakuvila. Mwaka ukapita, mfungo ukarudi. Siku ya mwisho ya mfungo, Bi Mize akakaa kando ya mtungi wa maji, akalia, akalia, akalia mpaka ardhi ikalowa.

Chini ya mtungi akatoka chura.

"Mize, machozi yako yananitilia chumvi nyumbani. Unataka nini?"

"Namtaka mwanangu."

"Una unga?"

"Kibaba kimoja."

"Kinatosha. Kanda, mfinyange mtoto, mwoke kwa moto juu na chini. Ataamka akiwa kileja. Mwezi wa sikukuu ukiandama, kitakachobaki ndicho kitakachokuwa mwanao."

Chura akarudi kulala.

Bi Mize akachunga unga, akatia sukari, akatia samli. Tangawizi ya kidole kimoja ingetosha. Lakini Mwanakheri alipenda imwashe mpaka apige chafya, basi mama akatwanga vidole vitatu. Hapo ndipo alipokosea, nanyi mngekuwa mama yake mngekosea vilevile. Akamfinyanga mtoto, kichwa, mikono, miguu, macho ya karafuu. Akamlaza chunguni, akafunika kigae, akapalia makaa juu yake.

Mtoto akaiva. Mtoto akaamka.

"Mama, mwezi bado?"

"Bado, mwanangu. Kaa kimya."

Akamweka sahanini, akamfunika kawa. Bi Mize alifurahi, jamani, alifurahi mpaka akacheka peke yake. Ishikeni furaha hiyo, maana nyingine haipo mbele.

Harufu ya vidole vitatu ikapenya ukili wa kawa, ikatoka dirishani. Kunguru akatua.

"Hodi, Bi Mize. Harufu imenifikia."

"Nimeoka kimoja tu, Bwana Kunguru."

"Hata kimoja kina pembe zake. Au nikatangaze juu ya mapaa kwamba Bi Mize ni mchoyo?"

Bi Mize akaona haya. Akafunua kawa, akavunja mikono, akampa. Akajiambia, mtoto asiye na mikono ni mtoto, nitamlisha.

"Mama, mwezi bado?"

"Bado, mwanangu. Kaa kimya."

Hata bado hajakaa, paka huyo mlangoni.

"Bi Mize, harufu imenifikia. Na Kunguru kanionyesha fungu lake."

Akafunua kawa, akavunja miguu, akampa. Akajiambia, mtoto asiye na miguu ni mtoto, nitambeba.

"Mama, mwezi bado?"

"Bado, mwanangu. Kaa kimya."

Jua likashuka. Watoto wa mji wakapanda kichuguuni kuutazama mwezi. Bi Mize akafunga dirisha, akafunga mlango, akatia komeo. Mlango ukabishwa.

"Nani?"

"Mimi Msimu, jirani yako." Bi Msimu alikuwa na mimba ya miezi minane. "Shoga yangu, harufu imenifikia, nami niko wawili."

"Nisamehe, Msimu. Leo sina."

"Tangu adhuhuri mate yananitoka. Unajua mja mzito akinyimwa alichokitamani, mtoto tumboni hupatwa na baya. Utanifanyia hivyo, wewe uliyezika?"

Maneno yale yalimchoma. Angeweza kusema, "Msimu, huyu ni mwanangu." Hakusema. Nani angemwamini, na kesho mji mzima si ungesema Mize karukwa na akili? Akafungua mlango, akafunua kawa. Alikusudia kuvunja bega tu. Lakini kileja kilikuwa kimekauka, kikapasuka vipande vipande mkononi mwake.

Msimu akavikinga kwa upindo wa kanga, akala palepale kizingitini, cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akajifuta midomo.

"Ahsante, shoga. Ila tangawizi umezidisha."

Kule kichuguuni watoto wakapiga kelele, "Mwezi huo! Mwezi huo!"

Bi Mize akatazama sahani. Ilibaki chembe moja, chembe ya mdomo wa mtoto. Na chura hakuwa mwongo, kilichobaki ndicho kilichokuwa mtoto. Chembe ikayeyuka, ikawa sauti.

"Mama, mwezi bado?"

"Umeandama, mwanangu."

"Basi nishike."

Hapakuwa na cha kushika. Bi Mize akalia kando ya mtungi, na safari hii chura hakutoka.

Msimu alijifungua salama, mtoto wa kike, mpenda tangawizi. Kila sikukuu Bi Mize humpelekea sahani ya vileja, halafu hurudi jikoni kwake kumjibu anayemwuliza kama mwezi bado.

Hapo ndipo chungu changu kilipopoa. Wapo wanaosema fundisho la hadithi hii ni ukarimu. Waacheni na lao. Mimi nasema, ukitoa kwa kuogopa kusemwa utatoa mpaka usichopaswa kutoa. Nawe unayebisha hodi, uliza kwanza kilichobaki ndani ni nini.

Nimemaliza. Lakini tangu nianze kusimulia, kuna mtu kaweka vileja motoni nyumba ya pili, na msijifanye hamjui. Harufu imenifikia.